Redio Alivyoutunza Ufa

Kinyozi huyu watu walimbatiza jina la Redio, na hawakukosea. Mpe siri saa ya chai, kabla ya chakula cha mchana itakurudia mwenyewe ikiwa imeota mkia na pembe. Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akampa mke mwalimu wa hesabu, mpole, anayetunza siri za dunia nzima. Usicheke. Hata yako imo.

Kuna programu huria, yaani haiuzwi na yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha. Kazi yake ni kufunga maneno yasisomwe na mwizi. Simu zinaitumia, benki zinaitumia, hospitali pia. Wanaoitunza ni watu wachache wa kujitolea, hawajawahi hata kuonana, na mmoja wao ni mke wa Redio, anayeifanya kazi hiyo kwenye meza ileile anayosahihishia madaftari.

Jioni moja Redio alimkuta ameshika tama, chai imepoa mpaka imefanya utando.

"Mke wangu, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimeona ufa."

Akamweleza taratibu. Ndani ya programu kuna kama bawabu anayesikiliza neno la siri. Ukikosea herufi ya kwanza, anakufukuza papo hapo. Ukipatia, anachelewa kidogo, anasikiliza ya pili.

"Mwizi anapima tu bawabu alivyochelewa. Herufi moja, nyingine, mpaka neno zima liko mfukoni."

"Anachelewa kiasi gani?"

"Kope yako haijashuka, yeye kashamaliza."

Redio akatafuta kiti.

"Wenzangu wanakijaribu kiraka cha kuuziba. Kinatoka keshokutwa. Wezi wakisikia kabla, watu watalizwa." Akamtazama mumewe, akaguna. "Na mimi nimemwambia nani, jamani!"

"Mimi? Mimi kaburi!"

"Kaburi lenye spika."

Kesho yake Redio akafungua kazi midomo imebana kama kifuniko cha kopo la rangi. Dereva wa lori, aliyekaa kunyolewa, akavumilia nusu kichwa.

"Redio, betri zimekwisha?"

"Kuna jambo," akadakia muuza viatu aliyekuwa akingoja zamu. "Na ni la shemeji. Asubuhi kanipita hata salamu hana."

"Shemeji wa kompyuta? Kompyuta zimefanyaje?"

Jasho likamtoka Redio. Hajatamka neno, na tayari wamefika mlangoni! Mashine ikamsimamia mkononi, juu ya kisogo cha mtu. Ndipo akamwelewa yule bawabu: kama kule kuchelewa, kimya chake yeye Redio ndicho kilichokuwa kinasema.

Basi akafungulia sauti. Akaanza na mpira, akapitia kwa jirani mwenye mbuzi mwizi, akamalizia na nyoka aliyelala ndani ya kiatu chake akamwomba radhi kwa kukiazima. Akasema kwa kipimo chake cha kila siku, bila kuzidisha wala kupunguza, na kesho yake vilevile. Watu wakachoka, wakaacha kuuliza.

Siku hiyo ya pili, ndiyo ya kiraka, alifunga mapema, akasimama nyuma ya kiti cha mkewe. Mistari ya kiraka kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa michache tu: bawabu sasa atasikiliza neno mpaka mwisho, hata kama limeharibika tangu herufi ya kwanza, ndipo akatae.

"Hii tu?"

"Hii tu." Akabonyeza, kiraka kikaenda.

Kisha majibu yakaanza kuingia. Mtunza mitambo wa hospitali moja ya mbali: tumepokea. Wa benki: tumeziba. Mengine yalikuja kwa maandishi ambayo Redio hakujua yanasomwa kuanzia upande gani. Milango ya watu wasiomjua mkewe ilikuwa ikijifunga, mmoja baada ya mwingine, bila kishindo, na wenyewe wako zao mezani wanakula. Redio akavua kofia bila kujua.

"Haya, sasa ruksa kusema," mkewe akamwambia.

"Ngoja kwanza," Redio akanong'ona, macho kwenye kioo. "Wengine bado hawajafunga."