Kiti cha Bwana Mifugo

Bwana Mifugo alikuwa mwanamke. Tuliweke hilo wazi mapema, maana kuna mtu hakuwekewa wazi, na yaliyompata mtayasikia. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na pikipiki kutoka zizi hadi zizi, kuchanja ndama, kuzalisha mbuzi waliokwama, na kuwagombeza wafugaji wanaowanyima ng'ombe maji kisha wanalalamikia maziwa. Wote waliomtangulia kwenye kazi hiyo walikuwa wanaume, jina likazoeleka, na alipokuja yeye hakuna aliyejisumbua kulibadilisha. Na alikuwa mrefu. Simaanishi ule urefu wa kusema "yule dada ni mrefu kidogo". Namaanisha urefu wa kuinama kila mlangoni na kuitwa na majirani kila balbu inapoungua.

Mumewe alikuwa kinyozi, na kimo chake kiliishia kwapani mwa mkewe. Hilo halikumsumbua hata chembe. Alimpenda mkewe waziwazi, akamsifia kwa wateja mpaka wengine wakaomba wanyolewe kimyakimya. Kitu kimoja tu alikitamani wiki nzima: Jumapili alasiri. Siku hiyo mkewe alimkabidhi ufunguo, akapanda nyuma, na kinyozi akakaa mbele, vidole vya miguu vikigusa ardhi kwa shida, wakaenda mpaka bwawani kutazama maji na kurudi. Mtu anayeshinda siku sita akiangalia visogo vya wenzake ana haki ya kuangalia barabara siku ya saba.

Shida ilianzia magotini. Kiti cha pikipiki ile kilitengenezwa kwa watu wa kimo cha kawaida: kimeinamia mbele, na katikati kina kinundu cha kumtenga dereva na abiria. Bwana Mifugo hakuweza kujisogeza nyuma kwa sababu ya kinundu, na akikaa anateleza mpaka kwenye tangi, magoti yamekunjwa kama ya panzi. Jioni alishuka kwa awamu. Mguu mmoja, pumziko, mguu wa pili, kisha mguno wa kusikika nyumba ya tatu.

Mkuu wake wa kazi aliona anavyochechemea. "Njoo ofisini, mama," akamwambia. "Meza ipo, kivuli kipo, utakuwa unahesabu chupa za chanjo. Nipe jibu mwisho wa mwezi."

Siku hiyo alirudi nyumbani hana raha. "Wakinifungia na chupa nitakauka, mume wangu," alisema. "Mimi nimezoea kunusa ng'ombe. Lakini haya magoti hayanipi hata nafasi ya kubisha."

Kinyozi hakulala vizuri. Asubuhi akaenda dukani, akarudi na sponji la kuvalisha juu ya kiti, laini kuliko yote yaliyokuwepo. Tuseme ukweli wote: alilichagua laini kwa sababu likikaliwa linabonyea, na likibonyea, miguu yake yeye bado inafika chini. Mkewe alikaa, akazama, magoti yakapanda juu zaidi. "Asante sana, ni laini kweli," akasema, na akalikalia kwenda kazini bila kunung'unika. Lakini kila jioni alijificha chumbani kujichua kwa dawa, na dawa yenyewe ilinuka mpaka sebuleni. Kinyozi aliinusa, akajiona mtu mbaya sana.

Basi siku mkewe alipochukuliwa na gari la ofisi kwenda mkutanoni, kinyozi alifunga duka lake, akaipeleka pikipiki kwa mshona viti. Huyo alikuwa mtu mnene, penseli sikioni, maneno mengi kuliko nyuzi zake.

"Ya nani hii?"

"Ya Bwana Mifugo."

"Namsikia sana! Anaumwa nini?"

"Magoti, fundi. Ni mrefu mno kwa kiti hiki."

Mshona viti akabonyeza sponji kwa kidole, kidole kikazama chote. "Na huu upuuzi aliuweka nani?"

"Mjinga mmoja hivi," alisema kinyozi.

"Mrefu hakalishwi kwenye kitu laini. Akizama, goti linakunjika. Kiti chake kinainuliwa, chini sponji gumu, juu jembamba la kupooza. Kinasawazishwa kisimtelezeshe, na kinundu kinarudi nyuma apate pa kujisogeza. Mguu ukipata kunyooka, goti halina ugomvi na mtu. Ila mimi sibahatishi. Mwenyewe yuko wapi nimpime?"

"Yuko mkutanoni. Niulize mimi."

Mshona viti akamtazama kutoka juu mpaka chini, safari fupi. "Haya. Mkisimama pamoja, wewe unamfika wapi?"

Kinyozi akaonyesha kwapa.

"Salaala! Na akikaa kwenye kiti cha kawaida, magoti yanapita meza?"

"Yanaigonga. Chai imeshamwagika mara nyingi."

"Akilala?"

"Miguu inatokeza nje ya kitanda, kiasi cha kiganja. Blanketi halifiki, inabidi nimfunike kwa kanga."

Penseli ya mshona viti ikasimama hewani. "Wewe ya blanketi umeyajulia wapi?"

"Tunaishi nyumba moja."

"Aa, ndugu yako!"

"Zaidi ya ndugu," alisema kinyozi. Hapo angeweza kumaliza maneno, lakini haya ilimshika, na Kiswahili chetu kina "yeye" moja tu kwa wote, kikamfichia siri.

Mshona viti akaweka kiganja juu ya kiti, akakipandisha polepole. "Nikiinua mpaka hapa, atakaa kama mfalme. Lakini nakwambia mapema, mtu mfupi hataiendesha tena. Miguu itaning'inia, ataanguka nayo kwenye kona ya kwanza. Kuna mtu mwingine anayeiendesha?"

Kinyozi akaitazama pikipiki. Aliiona barabara ya bwawani, upepo usoni, na yeye mbele. Ilimuuma, kwa nini tufiche. Angesema neno moja tu, fundi angekishusha kidogo, na hakuna ambaye angejua.

"Hakuna," akasema. "Inua."

"Na nyuma anapanda nani?"

"Mwenza wake."

"Mrefu naye?"

"Mfupi. Kama mimi hivi."

"Basi mama huyo niachie mimi," alisema mshona viti, macho yakimng'aa. "Nitamtendea haki."

Kinyozi akamwachia ufunguo, akarudi kwa miguu.

Jumapili kinyozi na mkewe wakaenda wote wawili kuichukua. Mshona viti aliwapokea kwa mikono miwili, akamshika kinyozi bega. "Bwana Mifugo yuko wapi? Nina hamu ya kumwona huyo mwanaume!"

"Ndiye mimi," alisema mwenyewe huku akiinama kupita chini ya turubai, na alipoinuka, turubai likainuka naye.

Mshona viti alimwangalia yeye, akamwangalia kinyozi, kisha akaiangalia pikipiki, na uso wake ukabadilika. Mbele kulikuwa na kiti cheusi, kipana, kilichonyooka vizuri. Nyuma, mahali pa mwenza, kulikuwa na kitambaa cha maua ya waridi, ua kwa ua, kimezungushiwa utepe, na kiegemeo kidogo cha mgongo chenye umbo la kopa la mapenzi.

"Nakibandua!" alisema, tayari ana kisu mkononi. "Nisamehe, kaka. Dakika moja tu nakibandua."

"Ngoja kwanza," alisema Bwana Mifugo. Hakuwa na habari na maua. Alikuwa ameshakaa. Akajisogeza nyuma, akaona pa kujisogeza papo. Akaweka miguu kwenye vikanyagio, akatulia kama anayesikiliza kitu ndani ya mifupa yake. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Yamenyamaza! Magoti yamenyamaza! Kesho namwambia mkuu hiyo meza yake ampe mwingine."

Kinyozi alifurahi mpaka macho yakamlowa, akasingizia vumbi.

Mkewe akashusha mguu chini, akapima urefu kwa macho, na kicheko kikapungua. "Fundi, mbona mume wangu hapa hafiki?"

"Nilimuuliza, dada, kama kuna mwingine anayeendesha. Akasema hakuna."

Bwana Mifugo akamgeukia mumewe. "Ulisema hakuna?"

"Nilisema," alijibu kinyozi. "Fundi, weka kisu chini. Maua yabaki." Akadandia nyuma, akaegemea kopa lake, akakuta kwamba, kusema kweli, pamekaa vizuri.

Walipopita mbele ya duka la kinyozi, wateja waliokuwa wakipiga soga kibarazani walisimama wote. "Kinyozi! Siku hizi unaendeshwa na mke?"

"Naendeshwa!" alijibu kwa sauti. "Nanyi mtembee kwa miguu!"

Mji ulipoisha, barabara ikafunguka, kinyozi akasikia kitu asichowahi kukisikia. Mkewe alikuwa anaimba. Aliimba kwa sauti ya juu, ovyo ovyo, akikata kona taratibu kama anayekata nguo ya bei.

"Kumbe unaimba!" akampigia kelele sikioni. "Mbona Jumapili zote tulizokuja huku hukuimba hata siku moja?"

Bwana Mifugo akapunguza mwendo. "Nikukasirishe nisikukasirishe?"

"Sema tu."

"Nilikuwa nimefumba macho, mume wangu. Unaingia kwenye kona kama unafukuzwa."

"Na kunikumbatia kule kote?"

"Nilikuwa nashikilia roho yangu isitoke."

Kinyozi alicheka mpaka kiegemeo kikalia. Kisha akaweka shavu mgongoni mwa mkewe. "Miaka yote hiyo unaogopa! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana," alisema mkewe. "Ningeanzia wapi?"