Kifua na Kibendera Chekundu

Mmeniganda kama kupe: bibi andika, bibi andika. Herufi zenyewe nazivuta moja moja kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Haya, naandika, lakini sitaki mtu wa kunisahihisha.

Kifua ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Jina hilo alipewa na wachimbaji wenzake, maana kifua chake ni kipana kama mlango wa ghala, na shule haikumpa kitu kingine cha kujivunia. Alikuwa na mikono. Akianza kuchimba shimo la choo, wewe nenda kachote maji. Ukirudi huoni kichwa chake. Lakini siku hizi watu wanakodi mashine, na mikono ya Kifua ikabaki kumkuna mwenyewe.

Mkewe alivumilia. Baba yake ndiye aliyeshindwa. Mkwe huyo ni fundi mwashi mstaafu, mtu wa kupima kila kitu kwa timazi, hata maneno. Alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Mwanangu namchukua. Siku ukipata kazi, niite niione kwa macho yangu. Ya kusimuliwa sitaki."

Haikupita muda redio ikatangaza: serikali inajenga barabara ya mteremkoni, inataka watu wasio na ujuzi wowote, nguvu zao tu. Kifua akaona ametajwa yeye. Akalinoa koleo mpaka likang'aa, akaliweka begani, huyo.

Kufika, akakuta katapila. Dude likainamisha shingo, likang'ata ardhi mara moja, na kile lilichokitapika pembeni kingemtoa Kifua jasho mpaka adhuhuri.

"Nyapara," akauliza, "sisi mmetuitia nini sasa?"

"Serikali imesema muajiriwe. Mmeajiriwa."

"Tufanye nini?"

Nyapara akakuna kidevu, akatazama huku na huku kama mtu aliyeletewa wageni bila taarifa. Mwisho akamkabidhi kibendera chekundu chenye mpini wa fimbo. "Lori likirudi kinyumenyume na hapa hapajawa tayari, nyanyua. Pakiwa tayari, shusha. Basi."

"Na koleo langu?"

"Liegemeze kule."

Jirani yake, mama mmoja mwenye ulimi wa pilipili, alipewa ndoo amwagilie vumbi. "Kifua, leo umekuwa refa!"

"Refa ana filimbi."

"Basi wewe ni nguzo yenye miguu."

Jioni Kifua alirudi na mwili mzima mzima, haumuumi popote, na hilo ndilo lililomsumbua. Kesho yake akamwuliza yule mama, "Dada, hii ni kazi?"

"Wanakulipa?"

"Wanalipa."

"Umechoka?"

"Sijachoka. Ndiyo maana nauliza."

Mama akaendelea kumwagilia vumbi lake. Kifua akawa hajui ashike lipi. Akimwita mkwe, mzee atamkuta amesimama na kitambaa kama mtoto aliyepotea njia ya gwaride. Asipomwita, mke ataendelea kulala kwa baba yake. Akaamua: liwalo na liwe. Akamtumia salamu.

Mzee alikuja alasiri, shati limepigwa pasi. Wakati huo zege lilikuwa limemwagwa juu ya mabomba ya mtaro, bichi kabisa, na lori la kokoto linarudi kinyumenyume, dereva macho kwenye kioo, anaangalia bendera. Bendera ilikuwa juu. Ndipo Kifua akamwona mkwe anamjia, uso kwa uso.

Sasa niambieni, mtu mwenye adabu atamnyanyulia mkwe wake kitambaa chekundu usoni, kama anayefukuza kuku? Kifua akaficha kibendera mgongoni, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo kazi iko wapi?"

Kokoto zikajibu. Dereva hakuona bendera, akaona ameruhusiwa, akamwaga shehena yote juu ya zege bichi.

"Mungu wangu!" Nyapara alikuja mbio, kofia mkononi. "Katapila isisogee! Itavunja mabomba! Makoleo! Kila mwenye mikono!"

Kifua alishafika chini mtaroni na koleo lake. Alizoa kokoto, jasho likamtiririka hadi kwenye nyusi, na yule mama akaachiwa bendera. Mkwe akachutama ukingoni.

"Kwa hiyo kale kakitambaa ndiko kalikokuwa kanazuia yote haya?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ilikuwa kazi."

"Ilikuwa, baba?"

"Sasa sijui. Umefukuzwa?"

Kifua naye hakujua. Akanyanyua kichwa. "Nyapara, kesho nije?"

"Toa kokoto."

"Nikimaliza?"

"Usiniulize ya kesho. Ya leo yenyewe yamenishinda!"

Mzee akarudi kwake, akamweleza bintiye. "Kazi nimeiona. Nilipoiona ndipo ilipokuwa inamponyoka. Sasa nikurudishe kwa mwenye kazi, au kwa asiye nayo?"

"Baba, ulisema uione. Umeiona. Hukusema ikae." Na kabla mzee hajalipima neno hilo, binti alishafunga kanga zake na kushika njia.

Alimkuta Kifua mlangoni, viganja vimevimba malengelenge. "Umerudi kwa sababu nina kazi," Kifua akauliza, "au kwa sababu sina?"

"Sogea nipite."

Leo asubuhi Kifua bado amekaa kizingitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Redio inasema anatakiwa asiye na ujuzi. Nyapara anasema asiyejua kushika bendera ni hasara tupu. Mkewe anasema ale kwanza. Na mimi magoti yangu hayapandi mteremko ule. Basi nyinyi mnaojua kusoma, mlionitaabisha kwa kalamu, inukeni mkamwulize nyapara neno moja: aje, au asije? Mniletee jibu kabla jua halijawa kali. Na ole wake atakayerudi na "tutaangalia."