Berit na Kipande cha Mwisho

Kwetu huku kaskazini mwa Minnesota hakuna mtu anayekula kipande cha mwisho. Keki ikiletwa kwenye chumba cha mapumziko cha manesi, italiwa mbio mbio mpaka kibaki kipande kimoja. Hapo kila mtu atakuja na kisu, akate nusu, aondoke. Anayefuata atakata nusu ya ile nusu. Jioni kinabaki kitu cha kumtosha sisimizi, na bado hakuna anayekimaliza. Ukimkaribisha mtu kahawa, atakataa. Utamkaribisha tena, atakataa. Mara ya tatu atasema, "Haya basi, kidogo tu, kama ipo tayari," na atakunywa vikombe vitatu. Wageni hutuona watu wa ajabu.

Berit Tollefson alikuwa kinara wa desturi hiyo. Alikuwa na miaka thelathini na sita, tisa kati ya hiyo akiwa nesi wa wagonjwa mahututi, na kwa miaka sita alitaka kitu kimoja tu: kusomea kazi ya usingizi, awe yeye anayemlaza mgonjwa kwa nusukaputi, amlinde akipasuliwa, na amwamshe salama. Mwaka uliotangulia aliomba chuo akakosa. Akikosa tena mwaka huu, somo lake la kemia lingepitwa na muda, na ingebidi arudi darasani kukaa na watoto wa miaka kumi na tisa. Aliapa kwamba huko harudi. Ilikuwa mwaka huu au basi.

Kazi yenyewe aliijua. Siku moja mashine ya kupumulia ya mzee fulani ilianza kupiga kelele, na daktari akataka kuongeza dawa ya kumtuliza. Berit akaweka stetoskopu kifuani, akasikia hewa upande mmoja tu. Mpira wa hewa uliopitishwa kooni ulikuwa umeteleza ndani mno, unalisha pafu moja. Akamwambia daktari, mpira ukavutwa sentimita tatu, na mzee akarudiwa na rangi yake. Kwenye barua ya maombi Berit aliandika: "Daktari wetu alilitambua tatizo upesi."

Mama yake, Ardis, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, aliisoma barua hiyo mezani jikoni, miwani ikiwa puani.

"Hii barua unamwombea nani nafasi? Huyu daktari?"

"Mama, siwezi kukaa najisifu."

"Nani kakwambia ujisifu? Sema kilichotokea."

Akaiandika upya, kwa taabu kama mtu anayeng'olewa jino bila ganzi. Wiki sita baadaye akaitwa kwenye usaili.

Walimkabili watu watatu. Mkuu wao alikuwa Dokta Loretta Guidry, dokta wa shahada, mwenyewe nesi wa usingizi, mzaliwa wa Louisiana, kusini kabisa, ambako ukikaribishwa chakula unakula.

"Presha ya mgonjwa imeshuka ghafla, sitini kwa thelathini," akasema Dokta Guidry. "Unafanya nini?"

"Namwangalia mgonjwa kwanza. Napapasa mapigo, maana mashine nayo hudanganya. Kama ni kweli, naongeza maji na dawa ya kupandisha presha, huku natafuta kilichoishusha."

Alijibu hivyo kwa dakika arobaini bila kutetereka. Kisha likaja la mwisho.

"Kwa nini tukuchukue wewe, tumwache yule kijana aliyekaa nje?"

Berit akafikiri kwa makini. "Yule anaonekana mtu mzuri sana," akasema. "Alinishikia mlango."

Dokta Guidry alicheka mpaka akavua miwani. Berit aliendesha gari kwa saa mbili na nusu kurudi nyumbani, na njia nzima alijitukana kwa majina ambayo asingethubutu kumwita mtu mwingine.

Jibu likaja: yuko wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Mtu mmoja akijitoa, ataitwa. Akangoja Machi nzima na Aprili nzima. Jumamosi moja ya Mei, mchana, akiwa jikoni na mama yake, simu ikalia.

"Berit? Dokta Guidry hapa. Kuna mtu amejitoa. Nafasi ni yako ukiitaka."

Hapo ulimi wa Berit, uliolelewa na vizazi vinne vya wakataa kahawa, ukamtangulia.

"Asante sana, Dokta, ila msijisumbue kwa ajili yangu. Labda yupo anayeihitaji zaidi."

"Una hakika?"

"Mimi nitakuwa sawa tu."

"Haya, nimekuelewa. Mchana mwema." Simu ikakatwa.

Berit akabaki ameishika, akingoja ya tatu. Simu haikulia.

"Nani huyo?" akauliza Ardis.

"Chuo. Wamenipa nafasi."

"Na wewe?"

"Nimekataa mara mbili."

Ardis, ambaye hajawahi kula kipande cha mwisho tangu azaliwe, akaweka kisu chini. "Yule mama ni wa Louisiana, Berit. Kwao hakuna ya tatu."

Berit akapiga. Inatumika. Akajua tayari anaitwa mwingine. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne ikapokelewa.

"Dokta, ni Berit Tollefson. Naitaka ile nafasi. Nimeitaka kwa miaka sita. Kazi naijua na ninaifanya vizuri. Nipe mimi." Mashavu yalimwaka kama mtu aliyetukana kanisani.

"Vizuri," akasema Dokta Guidry. "Nilikuwa na mume wangu kwenye simu. Yeye ni mtu wa huko kwenu, nimeishi naye miaka ishirini na mbili. Alisema itakuchukua wiki kupiga tena."

"Kumbe ya tatu unaijua?"

"Naijua sana."

"Mbona hukuuliza?"

"Mgonjwa akishalala, Berit, hakukaribishi hata mara moja. Unaingia mwenyewe, au anakufa. Nilitaka kuona kama utaingia. Nilikuachia mpaka saa kumi."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Berit akakata simu, akakaa, akasikia furaha inampanda taratibu. Mezani kulikuwa na sinia la keki ya tufaha, na ndani yake kipande kimoja kilichokatwa nusu tangu asubuhi. Akakichukua chote, akakila kwa mkono.

Ardis alimwangalia mpaka akamaliza. Halafu akajifunga aproni, akasema ataoka nyingine.