Ngozi ya Gari

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nasema hivyo pale stendi ya Bariadi na hakuna anayenibishia. Nimelala chini ya lori la pamba njia ya Maswa, mvua inaninyeshea mpaka asubuhi. Nimeona mnunuzi wa pamba akiwakimbia wakulima huku kajitwisha mizani yake kichwani. Nimeona fisi kaingia sokoni mchana kweupe na akina mama wakamtoa kwa miko. Shule niliishia darasa la nne. Nikawa utingo, nikawa dereva, nikanunua fuso moja bovu lililokuwa limeota majani, nikaliamsha kwa mikono hii hii. Waliokuwa wananicheka nikisoma bango herufi moja moja, leo wananipigia simu niwasombee mbegu, na wananiita tajiri. Sikurithi hata jembe.

Kwa hiyo mwanangu wa kwanza aliponipigia simu kutoka Ubelgiji na habari za magari ya mashindano, sikushtuka. Nilimwambia aseme anachotaka.

Kijana huyu nilimfundisha gari mwenyewe, kwenye fuso, barabara ya Lamadi, miguu yake ikiwa haijafika vizuri kwenye klachi. Alikimbia mashindano ya vumbi Mwanza na Morogoro, akaleta vikombe nyumbani, kisha akaenda Ubelgiji kusomea ufundi wa injini. Huko akapata kazi kwenye timu ndogo ya mbio. Mbio zenyewe si za kutangulia kufika halafu basi. Ni magari ya milango minne kama haya ya kwetu, yamevuliwa viti na kujazwa mabomba ya chuma, yanazunguka uwanja mmoja saa kumi na mbili nzima, mbio nyingine usiku na mchana. Muda ukiisha, aliyezunguka mara nyingi ndiye mshindi. Gari moja lina madereva wanne wanaopokezana, na msimu mmoja unapita nchi tano.

"Baba, mwenye timu anasema nina mkono mzuri," akaniambia. "Ananipa nafasi ya dereva wa nne. Ila kila dereva anakuja na fungu lake."

"Fungu kiasi gani?"

Akataja. Nikageuza euro kuwa shilingi kichwani. Hesabu za kichwa hakuna msomi anayeniweza.

"Msimu mmoja," nikamwambia. "Ukiisha unarudi kushika magari yangu. Mgongo wangu umechoka."

"Msimu mmoja, baba. Nitarudi."

"Na jina la kampuni yangu likae mlangoni."

"Litakaa mlangoni, upande wa dereva kabisa."

Nikauza fuso mbili. Nikauza na ng'ombe wangu wote niliokuwa nimewaweka Nkololo.

Hapo nieleze kidogo, maana watu wa mijini hawajui. Kwetu Usukumani mwenye ng'ombe wengi hawalazi zizi moja. Anawagawa kwa marafiki wa vijiji vingine, ili ukija ugonjwa, au ukame, au jicho la jirani, visiwakute wote pamoja. Anayekutunzia, maziwa yake, samadi yake, ndama wako. Karatasi hakuna. Unakwenda siku ambayo hukutarajiwa, unaitazama mali yako, unakula, unarudi. Na ng'ombe akifa, mtunzaji anamchuna na kukuletea ngozi. Anaileta yeye mwenyewe, anakaa mbele yako, anakueleza amekufaje. Hatumi mtoto. Mtu asiyeleta ngozi ni mwizi, hata akilia machozi.

Rafiki yangu wa Nkololo aliwahi kuniletea ngozi kwa baiskeli, kaikunja nyuma kama godoro, na paja la nyama linaning'inia kwenye usukani.

"Ngosha," akasema, ndivyo tunavyoitana wanaume wa Kisukuma, hata kabla hajashuka, "mtamba wako mwekundu kavimba tumbo. Ngozi hii, paja lako hili. Mengine tumekula, sikufichi, na alikuwa mtamu."

Tulicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuona kuna nini. Mali inawekwa kwa watu wa namna hiyo.

Basi na yule Mbelgiji mwenye timu nilimweka kwenye hesabu hiyo hiyo. Fungu langu ni ng'ombe wangu, nimemlaza kwake. Mwanangu aliposema atanitumia mkataba, nikamjibu sina haja ya karatasi, nitakwenda kumwona ng'ombe.

Mke wangu hakupenda tangu mwanzo. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata macho. "Ng'ombe ukimpeleka mbali sana, anasahau zizi," alisema. Nikamwambia ashughulike na mchele wake.

Mbio za kwanza zilikuwa Dubai. Sikumwambia mtu. Nikapanda ndege Mwanza na mfuko wa michembe, vile viazi vya kukausha anavyovipenda mwanangu tangu utoto, nikatokea mlango wa uwanja wa mbio, nikampigia simu.

"Njoo unitoe getini."

"Geti gani, baba?"

"La kwenu hapo. Dubai."

Alikuja anakimbia, amevaa ovaroli ya kuzuia moto imefungwa mikono kiunoni. "Baba! Si ungesema!"

"Mwenye ng'ombe hasemi."

Mwenye timu alikuwa mtu mrefu mwenye grisi mpaka kwenye viwiko. Mikono ile niliipenda, ni ya mtu anayefanya kazi. Nikamwambia mwanangu, "Mwambie nimekuja kumwona ng'ombe wangu." Kijana akasema maneno machache kuliko yangu. Mzungu akacheka, akanivika kofia ya timu. Nikampa michembe. Alitafuna kipande kimoja, akageuka, akakitema kwenye karatasi. Alidhani sikuona.

Lakini jina langu lilikuwa pale mlangoni. Herufi nyekundu kwenye bluu, kubwa kuliko za kampuni za matairi na za mafuta. Nililigusa. Mimi niliyekuwa nasafisha matapishi ya abiria, jina langu linazunguka Uarabuni kwa kasi ambayo jicho halilishiki.

Mwanangu aliendesha zamu mbili. Gari linaingia, linajazwa mafuta, mmoja anachomoka kama anayetolewa kwenye pango, mwingine anajipenyeza, anafungwa mikanda, linaondoka. Zamu ya pili alitoka amelowa kama aliyetumbukia kisimani, anacheka. Akaanza kuwasimulia wenzake kwa lugha yao, anaonyesha kona kwa viganja, nao wanampiga mabega. Mimi nimesimama pembeni na mfuko wa michembe. Kwenye gereji yangu sijawahi kumwona akicheka vile, hata siku moja.

Zilizobaki niliziangalia nyumbani. Za Ureno nilitoa televisheni uani, nikachinja mbuzi, nikaalika madereva, mawakala wa pamba, jamaa wa Lamadi wanaoniletea sangara, kila mtu. Saa kumi na mbili si mchezo. Nyama iliisha, mbio bado.

"Tajiri, lako lipi?" akauliza dereva mmoja.

"Lile la bluu."

"Hilo? Mbona kama teksi za hapa stendi!"

"Na madereva si wako wanne?" wakala mmoja wa pamba akadakia, mdomo umejaa utumbo. "Maana yake fungu lake ni robo. Jamani, Ngosha kauza fuso mbili, kanunua robo teksi!"

Uani palilipuka. Nami nikacheka, nikawaongezea soda. Anayekula mbuzi wako na kukucheka, mwache amalize mbuzi kwanza.

Italia injini ilikufa kabla ya katikati. Lakini Ubelgiji, kwenye uwanja wa nyumbani wa timu, walishika nafasi ya pili katika kundi lao, na mwanangu ndiye aliyekuwa ndani muda ulipoisha. Nilimwona amesimama juu ya jukwaa, amemwagiwa mvinyo, ameinua kikombe. Watu wote uani walisimama. Yule wakala aliyesema robo teksi alinishika mkono kwa mikono miwili.

Kesho yake nikapiga simu. "Hongera, mwanangu. Sasa ndama yuko wapi?"

"Ndama gani, baba?"

"Mmekuwa wa pili. Fungu langu limezaa nini?"

Akacheka kidogo, halafu akaona mimi sicheki. "Baba, huku hakuna zawadi ya pesa. Wanatoa kikombe."

"Watu wanauza malori wakashindanie kikombe?"

"Wote ndivyo walivyo. Wanalipa ili wakimbie."

"Na hicho kikombe kiko wapi?"

"Kiko kwa mwenye timu. Kinakaa gerejini."

Maziwa yake, samadi yake, na ndama wake. Lakini nikajipa moyo: zimebaki mbio za nchi moja, mwanangu arudi, ndama wangu ni yeye.

Za mwisho zilikuwa Hispania, na mvua ilinyesha. Safari hii sikuchinja kitu, nilikuwa na mke wangu tu sebuleni. Zamu ya mwanangu, gari la mbele yake liligeuka kinyume katikati ya barabara. Akalikwepa, akateleza, akaingia ukutani kwa upande wa dereva. Walionyesha mara nyingi. Mke wangu alifunika televisheni kwa kanga mpaka simu ilipoita.

"Niko mzima, baba. Bega tu."

"Umekula?" Ndilo lililonitoka. Sijui kwa nini.

"Nimekula. Baba, gari limekwisha. Watalikata wauze chuma."

"Magari yanakufa. Basi niletee ngozi."

"Ngozi?"

Mtoto niliyemzaa Bariadi, aliyekula paja lile lililokuja na baiskeli, ananiuliza ngozi ni nini.

"Mlango," nikamwambia. "Ule wenye jina langu. Uulete wewe mwenyewe, ukae mbele yangu, unieleze limekufaje. Halafu nikukabidhi funguo za magari."

Nyuma yake nasikia watu wanagonga vyuma.

"Baba, wamenipa kazi ya kudumu. Naendesha, na fungu halitakiwi tena."

"Uliniambia msimu mmoja."

"Najua."

"Uliniambia utarudi."

"Nitakuja likizo, baba."

"Mtu anakuja likizo kwao?"

Nikampa simu mama yake.

Mlango ulikuja. Sitasema alinidharau kabisa, mlango aliutuma. Ulikuja kwa ndege mpaka Dar es Salaam, na wakala wa kutoa mizigo akanipigia. "Mzee, huu mlango umebonyea wote, kioo hauna. Utaufanyia nini?"

"Ni ngozi."

"Sijakuelewa, mzee."

"Si lazima. Taja hela yako."

Kutoka Dar ulipanda basi, juu ya magodoro ya watu. Niliushusha stendi mwenyewe, sikutaka msaada, wote wakiangalia. Herufi za mwanzo zimekwanguliwa na ule ukuta, jina limebaki nusu. Nikauegemeza uani.

Rafiki yangu wa Nkololo akaja kutazama. Siku hizi hana ng'ombe wangu hata mmoja, ila anakuja. Aliuzunguka, akapitisha kidole palipobonyea.

"Kaileta nani?"

"Basi."

"Basi na nani?"

Nikainama kuusogeza mlango usianguke. Akavaa kofia yake, akachukua baiskeli. Mke wangu alikuwa anaanika michembe kwenye turubai, kwa mazoea, maana mlaji wake hayupo. Akasimama, akautazama ule mlango.

"Ngozi umeletewa," akasema. "Ng'ombe mwenyewe yuko wapi?"

Magari yaliyobaki nayaendesha mwenyewe, na mgongo wangu huu huu. Stendi wakiniuliza msimu ule ulinigharimu kiasi gani, huwa nawajibu milioni mia, kwa sababu mia inatamkika vizuri na inawanyamazisha. Lakini kichwa changu hakijawahi kukosea hesabu. Ukiweka fungu lote, na tiketi ya Dubai, na mbuzi, na soda, na ndege ya mlango, na wakala wa Dar, na mzigo wa basi, ni shilingi milioni mia moja themanini na mbili, laki tatu na elfu arobaini na tano.