Saa ya Baba Mkononi mwa Kaka

Enzi zetu kule Izigo, mtu hakupiga picha bila saa mkononi. Asiyekuwa nayo aliazima, na wengi waliazima kwetu, kwa hiyo ungeingia sebule yoyote ya jirani ungeikuta saa ya baba kwenye picha za ukutani: kwa bwana harusi, kwa katekista, hata kwa mama mmoja aliyeishika kifuani kama mtoto. Mkono wa shati ulikunjwa ili saa ionekane, na wote walinuna. Kucheka mbele ya kamera kulikuwa utovu wa adabu. Watoto wa leo wanabinua midomo.

Nakumbuka tulivyomsindikiza kaka yangu Rwegasira hadi Bukoba mjini. Alichaguliwa kwenda sekondari Mwanza, na meli iliondoka jioni. Mama alimfungia senene wa kukaanga na ndizi za kuchoma, kisha akashindwa kutulia. Alifungua mzigo, akaufunga, akaufungua tena. Tulipofika mjini baba alitaka tupige picha kwanza. Studio ilijaa watu. Baba alitazama saa, akatoka nje, akarudi, akaitazama tena. Mimi kila honi ya gari nilidhani ni meli.

Zamu yetu ilipofika, baba alivua saa akamvalisha kaka. Ilimteleza hadi karibu na kiwiko. Mpiga picha alituamuru tusitikisike, lakini mama aligeuka kutazama mlango, na pichani uso wake umefifia kama moshi.

Tukakimbia bandarini. Abiria walishaanza kupanda. Kaka akavua saa amrudishie baba, baba akaficha mikono nyuma.

"Kaa nayo," alisema. "Huko hakuna mama wa kukuamsha."

Kaka, aliyejikaza tangu nyumbani, alilia mbele ya watu. Baba hakumkemea.

Tangu siku hiyo majirani waliokuja kuazima walirudi hivihivi. Tukichelewa misa, baba alitazama mkono mtupu, kisha akatuharakisha kwa sauti. Hakununua saa nyingine hadi tulipomzika kibanjani, kwenye migomba yake. Kaka alisoma, akawa mwalimu hukohuko Mwanza.

Siku hizi mwanangu akisafiri hunitumia picha kabla hajakaa kwenye kiti, nyingine akila, nyingine akifika stendi. Saa anayo kwenye simu, na bado anachelewa. Sisi tulikaa majuma bila kujua kaka amefikaje, mama akikurupuka kila hodi ilipopigwa. Yalikuwa mateso, siwezi kuyasifu. Lakini kaka aliporudi likizo tulimzunguka hadi chakula kikapoa, kila mmoja akiuliza lake. Huyu wangu akirudi, namkuta jikoni ameinamia simu. Nimeshaona alikopita kote, nasimama pale natafuta cha kumuuliza.