Mwenyekiti wa Chama Chetu Alitafuna Kahawa ya Baba, Kisha Akatoa Barua

Admin, pitisha kisa changu bila jina. Ukiona nimejisahau nikataja kampuni, futa, maana fani yetu ni ndogo na tunajuana wote.

Mimi ni mwanamke wa miaka 35, mzaliwa wa Kihanga, Karagwe. Ni rubani, kapteni wa ndege ndogo za abiria. Sasa hivi niko kwa baba napalilia migomba kwa sababu nimesimamishwa kazi, na hasira niliyonayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe.

Kazini tulikuwa tunaamka kabla ya alfajiri, tunaruka vituo sita, saba, tunarudi giza limeingia, na kesho hivyohivyo. Kwenye fomu ya saa za kazi tunaambiwa, "Hapo punguza kidogo, isomeke vizuri." Nakiri nilipunguza, tena kwa miezi. Mpaka siku moja tunakaribia kutua, nageuka kumsemesha rubani msaidizi wangu, namkuta amelala. Kaka wa watu, baba wa mapacha, kidevu kimeanguka kifuani. Na mimi mwenyewe nikajaribu kukumbuka dakika tano zilizopita, sikumbuki kitu. Nyuma yetu kuna abiria, wengine wamepakata watoto. Tulitua kwa kudra za Mungu tu.

Kesho yake nikakataa kuruka. Tukaandika ripoti wote wawili, tukaeleza uchovu na zile fomu. Mimi nikasimamishwa kazi siku hiyohiyo, mwenzangu akaambiwa asubiri kuhojiwa.

Nikakimbilia chama chetu cha kutetea marubani. Ni mwanachama mwaka wa tisa huu, na picha yangu iko kwenye mabango yao, nimevaa kofia natabasamu kama mjinga. Sasa mwenyekiti wa chama ndiye huyohuyo mkuu wa marubani kwenye kampuni yetu. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kesi ya ngedere nikampelekea nyani! Lakini nilimwamini. Akaniambia, "Nenda nyumbani kapumzike, tutakuja tuyaongee kifamilia."

Baba yangu ni mkulima, na chama anachokijua yeye ni cha kuzikana. Hicho ukipata shida watu wanafika, asiyefika anatozwa faini. Aliposikia chama changu kinakuja alifurahi mno. "Wakishafika hapa mwanangu, yamekwisha."

Walikuja wawili, mwenyekiti na katibu wake. Wakampa baba shikamoo kwa heshima zote. Baba akachinja mbuzi, ndizi zikapikwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa. Kisha akawaletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Wa Kagera mnaelewa: kwa wazee wetu, mtu mliyetafuna naye kahawa nyumbani kwako si mgeni tena, hamfanyiani ubaya. Mwenyekiti akatafuna. Halafu akaomba aonyeshwe kaburi la mama, aliyefariki mwaka jana na tukamzika hapohapo kwenye migomba. Msibani hakuja hata mmoja wao. Siku hiyo akasimama pale, akainamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba. Baba alitokwa na machozi.

Tuliporudi kukaa, akatoa barua ya Kiingereza ya mimi kusaini. "Saini hapa, Jumatatu unarudi angani. Tumekupigania sana, kapteni." Nikaisoma. Inasema nilikataa safari kwa sababu kifo cha mama yangu kilinichanganya akili, na kwamba habari za uchovu na fomu hazina ukweli.

Jamani, mama yangu! Mtu ametoka kusimama kwenye kaburi lake, na barua alikuwa nayo kwenye begi muda wote!

Nikamuuliza, "Na mwenzangu niliyeandika naye ripoti?"

"Yeye atajieleza mwenyewe. Wewe okoa kazi yako."

"Kwa hiyo chama kinamtetea rubani au kinaitetea kampuni?"

Kabla hajajibu, baba akanikemea mbele yao. "Usimsemeshe mgeni hivyo! Waitu, mgeni wetu, msamehe, ni mtoto tu. Mwanangu, watu wametoka mbali kwa ajili yako. Saini."

Nikasema nitawajibu Ijumaa. Baba akawasindikiza na mkungu wa ndizi, akawawekea mwenyewe kwenye gari.

Tangu siku hiyo hasemi nami vizuri. Nikitia neno ananikatisha, "Mtu nimetafuna naye kahawa, wewe unamwita mwongo?" Nashindwa kumuuliza, mbona hiyo kahawa inamfunga yeye peke yake? Yule naye si alitafuna?

Jana mwenzangu kapiga simu. Keshasikia habari za barua. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kapteni, wewe ukisema hatukuwa tumechoka, mimi nitasema nini na nani ataniamini?" Nikamdanganya kwamba mtandao unasumbua.

Kinachonitesa zaidi ni hiki. Baba hajui Kiingereza. Anaamini barua ile ni ya kuomba radhi tu, mtoto kamkosea mkubwa, anasaini, maisha yanaendelea. Nikimsomea, atajua kwamba mtu ambaye yeye mwenyewe alimpeleka mpaka kwenye kaburi la mkewe alikuwa ameshalifanya kaburi hilo kuwa kisingizio. Baba ana presha, na tangu mama aondoke sijamwona akicheka kama alivyocheka siku ile anawakaribisha. Nisipomsomea, ataendelea kunishikilia nisaini.

Kusaini ni kumzika mwenzangu akiwa hai na kurudi kuruka na uchovu uleule. Nikikataa, kazi niliyoisomea kwa pesa ya mashamba ya baba ndiyo basi, maana chama chenyewe ndicho kimeleta kalamu.

Ijumaa ni keshokutwa. Wenye wazazi, wenye akili zilizotulia, naombeni mniambie ukweli bila kunionea huruma: nimsomee baba hii barua, au nimwache aendelee kuniona mimi ndiye mbaya?