Ramani za Karatasi ya Saruji

Nafundisha darasa la nne mjini Beni, katika komini ya Ruwenzori, na sina subira na walimu wanaolia kila siku eti bila vitabu hawawezi kufundisha. Mimi huomba mifuko mitupu ya saruji kwa waashi, naikung'uta, naikata vipande, na kila mtoto anapata karatasi pana ya kuchorea kwa makaa. Mwaka mmoja niliwaambia wachore ramani ya njia yao kutoka nyumbani hadi shuleni. Zoezi moja, masomo matatu: walipima njia kwa hatua zao, ikawa hesabu, wakaandika majina ya vitu kwa Kifaransa, na jiografia ikaja yenyewe.

Msichana mmoja tu hakuchora. Familia yake ilikuwa imekimbia kijiji chao, ikakimbia tena kule ilikofikia, na sasa walipanga chumba karibu na kituo cha askari. Kila nilipompa karatasi aliirudisha tupu. Siku alipochora hatimaye, alichora nyumba kubwa, mama yake mlangoni, na kituo cha askari ubavuni. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka mbele ya darasa, nikaona haya.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Butembo kwenye mkutano wa walimu, ramani zote zikiwa mkobani. Nilitaka wenzangu waone mwalimu ni nani. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliufungua mkoba, akakunjua karatasi ya kwanza. Akakunjua ya pili, kisha akamwita mkubwa wake. Abiria wenzangu wakaanza kutazama pembeni, kana kwamba hawajawahi kuniona.

"Nani alikutuma kuchora position yetu?" mkubwa aliniuliza.

"Hapana mutu, chef. Niko mwalimu. Ni kazi ya batoto."

"Batoto banajua position yetu namna gani?"

"Banapita pale kila siku, banaenda ku masomo."

Watoto huchora wanachokiona, na wote walikuwa wamekichora kituo kile. Mimi, mtu mzima na diploma yangu, sikuliwaza hilo. Hapa kwetu mtu akishaitwa mpelelezi, hata ndugu zake husita kumtetea. Dereva alizima injini. Niliogopa.

Yule mkubwa hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alichukua mkobani mwangu wembe ninaochongea penseli za watoto, akanipa.

"Kata position kwa kila karatasi. Ukimaliza, unaenda."

Nilikaa juu ya jiwe nikakata. Kila kipande nilichokitoa alikitia kwenye moto wao wa chai. Nilipofika kwenye ramani ya yule msichana, niliuweka wembe chini. Nyumba na kituo vilikuwa vimeshikana, na usingeweza kukata kimoja ukaacha kingine.

"Chef, hii uniachie. Huyu mutoto alikuwa anakataa kuchora kabisa. Nitaifuta na mukono."

Aliichukua, akaitazama.

"Hii ndiyo mubaya zaidi. Ikianguka mu mukono ya adui, atajua kama pale kunalala mama na mutoto. Kata, Madame."

Nilimkasirikia sana, kwa kuwa alisema kweli. Nikakata, na nyumba pamoja na mama mlangoni vikaenda motoni na kituo.

Butembo sikumwonyesha mtu chochote. Jumatatu watoto walidai ramani zao, nikawagawia, nikawaeleza kwamba askari hawataki kituo chao kichorwe. Wengi walicheka, wakachunguliana kupitia matundu. Ya msichana yule nilitaka kuificha, lakini alikuja kusimama mbele yangu, mkono ameunyosha, nikampa. Alipitisha kidole ukingoni mwa tundu, polepole.

"Madame, tunahama tena?"

Nilimwambia hapana, hii ni karatasi tu, tutachora nyingine nzuri zaidi. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akaikunja.

"Uniruhusu niende kuona kama mama iko."

Nilimruhusu. Alitoka mbio, ndala zake zikabaki chini ya meza.